Shuka la Mama Terry na Samaki wa Bwana Arvid

Hii aibu nimeikalia muda mrefu, na ningeendelea kuikalia kama Otieno asingekuwa anaisimulia kila mahali akiiongezea chumvi, mpaka juzi mtu nisiyemjua kabisa akanisimamisha hapa Doha, mtaa wa Muaither, kwenye kibanda cha chai ya karak akaniuliza kama ni mimi yule Mluhya wa samaki. Basi afadhali niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe, na mkimaliza kucheka mnihurumie kidogo, kwa sababu mimi hadi leo nikiikumbuka nafunika uso na mto.

Kwanza mjue kazi yangu, maana hapo ndipo watu huanza kucheka kabla hata sijafika kwenye mkasa wenyewe. Nafanya kazi ofisi moja Lusail, ghorofa za juu huko, kiyoyozi kinakutoa kamasi, na kazi yenyewe ni kuhesabu samaki. Si samaki wa hapa. Kuna mto kaskazini kabisa mwa Ulaya ambako kila mwaka samaki wanaoitwa samoni hutoka baharini wakapanda mto kwenda kutaga mayai, na mto umewekewa uzio wenye mlango mmoja mwembamba, na mlangoni kuna kamera chini ya maji, na picha za hiyo kamera zinakuja moja kwa moja mpaka mezani kwangu hapa jangwani (msiniulize kwa nini jangwani, mimi niliomba kazi ya kompyuta nikapewa samaki). Samaki akipita kwenda kulia, huyo anapanda, nabonyeza kitufe cha juu. Akipita kwenda kushoto, huyo ameghairi, anarudi alikotoka, nabonyeza kitufe cha chini. Ni hayo tu. Mtoto wa chekechea angeweza, na baada ya niliyoyafanya nadhani wangemwajiri yeye.

Upande wa pili wa kamera kuna mzee anaitwa Bwana Arvid, mlinzi wa mto. Hesabu yangu inaenda kwake. Kuna watu huko wanaovua kwa starehe, wanasafiri kutoka mbali na fimbo zao za ndoano, wanamvuta samaki, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini, na wanaona hiyo ndiyo likizo. Bwana Arvid ndiye anayeamua kama wavue au wasivue. Samaki wakipanda wengi, anafungua mto. Wakiwa wachache anaufunga, hata kama mtaa mzima utamnunia, ili hao wachache wafike juu wakatage. Na mwaka huo walikuwa wachache, jua limewaka huko kwao mpaka maji ya mto yakawa vuguvugu, na wavuvi wameshafika, wamejaa hotelini wanasubiri neno lake, na yeye amewaahidi mbele ya kila mtu kwamba atafuata hesabu, hesabu ikisema ndiyo ni ndiyo, ikisema hapana warudi makwao bila kinyongo.

Sasa hesabu ndiyo mimi.

Ijumaa ofisi hufungwa, lakini samaki hawajui Ijumaa, kwa hivyo tunapokezana zamu, na Ijumaa hiyo zamu ilikuwa yangu. Unaruhusiwa kuhesabia nyumbani mradi ukae peke yako mahali patulivu, na hilo Madam Priya, msimamizi wetu, alikuwa amelirudia kwangu kwa upole wake ule wa Kihindi unaokufanya ujisikie mtoto wa shule. Nikamwambia ndiyo madam, bila shaka madam.

Na kila Ijumaa mchana sisi Wakenya na Waganda wachache hukutana kwa Mama Terry, nesi mmoja wa Nyeri mwenye roho kubwa na sebule ndogo, tunasali kidogo tunakula sana. Wiki nzima Otieno, mwenzangu wa chumba, dereva, mtoto wa Homa Bay, alikuwa ananichokoza. "Yaani sisi tuliozaliwa na samaki, tukalelewa na samaki, kampuni inaturuka inaenda kuajiri Mluhya, mtu wa kuku? Wanyonyi, wewe samaki unamjua wapi kichwa wapi mkia?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kimoyomoyo nikasema ngoja, Ijumaa nitawaonyesha. Hapo ndipo shetani alipopata kiti. Ningebaki chumbani na laptopu yangu na chai yangu, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Nikaibeba laptopu nikaenda nayo kwa Mama Terry.

Nilipofika nikawaambia, kama mtu asiyetaka makuu, kwamba leo niko kazini, na kama kuna anayetaka kuona kazi yenyewe naweza kuitoa kwenye projekta. Kuna anayetaka? Walitaka wote. Mama Terry akaacha sufuria, akaleta shuka lake jeupe la kitanda (lile tunalotumia kuonyeshea nyimbo), tukalifunga katikati ya sebule kwa kamba na vibanio vya nguo. Lakini siku hiyo watu walikuwa wengi, kila anayesimama kuongeza chapati kichwa chake kinatua kwenye picha, watoto nao wanafanya vivuli vya sungura juu ya mto wa Bwana Arvid. Otieno akaona isiwe tabu. Akachukua projekta pamoja na laptopu, akazipeleka nyuma ya shuka, upande wa dirishani ambako hapakuwa na mtu, akazielekeza kwetu. Picha ikatokea kwenye shuka safi kabisa, hakuna kichwa cha mtu, na tukampigia makofi kama fundi.

Nimewaambia nyuma ya shuka. Mnaanza kuona? Sisi hatukuona. Watu sebule nzima, wamo manesi, wamo wahasibu, mimi mwenyewe nina digrii ya kompyuta, na hata mmoja hakujiuliza picha ikimulikwa kwa nyuma inakuwaje ukiwa mbele.

Mama Terry ndiye aliyekaribia. Akainamia kona ya picha, pale kamera inapoandika saa, akasema, "Wanyonyi, hizi namba mbona hazisomeki?"

Kabla sijafungua mdomo Otieno akamjibu, "Ni Kiarabu hicho, Mama Terry. Hapa Doha hata friji inaongea Kiarabu."

Na mimi, mwenye kazi, mwenye mto, mwenye samaki, nikatikisa kichwa nikasema, "Eeh, ni mipangilio ya huku." Kwa sababu mtu amekuheshimu ukiwa na sahani ya pilau mkononi, utaanzaje kusema hujui?

Nikakaa kiti cha mbele, simu yenye programu ya hesabu mkononi, vitufe vyangu viwili, juu na chini. Mwanzoni mto ulikuwa mtupu, majani tu yanaelea. Watu wakaanza kuboeka. Nikawaeleza habari yote, mzee Arvid, wavuvi wanaosubiri, samaki waliopotea, na nadhani nilieleza vizuri kupita kiasi kwa sababu Mchungaji Elijah (huyu ni dereva wa teksi siku nyingine, lakini Ijumaa ni mchungaji, na ni mtu mwema sana) akaguswa. Akasema kama tunaombea visa na mikataba ya kazi, tutashindwaje kuombea kiumbe anayetaka kurudi nyumbani kuzaa? Tukainamisha vichwa. Akaomba kwa sauti ya chini ili majirani wasisumbuke, "Bwana, wapandishe. Uliyewafungulia njia wana wa Israeli, wafungulie na hawa."

Tukasema amina, tukafumbua macho, na hapo hapo akapita samaki.

Kwenda kulia.

Nikabonyeza juu. Akafuata mwingine, kulia. Wawili kwa pamoja. Kisha kundi, wanasongamana mgongo kwa mgongo kwenye ule mlango mwembamba, wote kulia, na mimi kidole kinacheza juu juu juu, na Mama Terry anapiga vigelegele akiwa ameziba mdomo na leso. Nimehesabu samaki misimu mitatu na sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Otieno, ambaye kusema kweli anajua maji kuliko mimi, alikunja uso akasema, "Lakini hawa hawahangaiki. Samaki anayepanda mto hupigana. Hawa wanapanda kama wanateleza, bega kwa bega na majani."

Mchungaji akamjibu, "Ndugu yangu, hiyo ndiyo neema. Neema ikija, hata mlima unakuwa mteremko."

Watu wakasema amina kubwa zaidi, na mimi pia nikasema amina. Majani yanaelea kwenda kulia, samaki wanaelea kwenda kulia, na mimi ninayelipwa kuangalia nikasema amina.

Nikatuma hesabu. Haukupita muda simu ikalia, Bwana Arvid mwenyewe, ambaye kwa kawaida hanipigii, hunitumia neno moja tu la asante. Nikaiweka kwenye spika (hiyo nayo ilikuwa sifa tu, kulikuwa na haja gani ya spika). Akasema kwa kile Kiingereza chake cha polepole, "Wanyonyi, nimeona hesabu yako. Maji yangu ni ya moto. Katika maji kama haya samoni hawapandi, wanarudi chini kutafuta baridi. Niko mbali na uzio leo, siwezi kwenda kutazama. Watu hapa wananingoja. Nakuuliza wewe: una hakika?"

Kila jicho sebuleni lilikuwa kwangu. Wenzangu, mtu akikuuliza swali kama hilo anakupa mlango wa kutokea. Ningesema tu, Bwana Arvid, nipe nafasi nirudie kutazama. Ningezunguka nyuma ya shuka, hatua chache tu, nikaone laptopu yangu. Lakini nilikuwa na mashahidi wote wale, na kichwa kilichovimba hakipiti tena kwenye mlango.

"Bwana Arvid," nikasema, "nina hakika kwa macho yangu mawili. Na hapa niko na mashahidi."

Sebule nzima ikasema amina ndani ya simu.

Yule mzee akasema, "Vizuri. Nakuamini. Nitafungua mto kesho."

Nilikula sahani mbili. Kabla hatujaachana Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda, nikautoa, na Mama Terry akaurekodi, na kufika Jumamosi mchana ushuhuda ulikuwa umeshafika Kitale kwenye simu ya mama yangu. Akanipigia akilia kwa furaha. "Mwanangu, nilifikiri unahesabu samaki bure. Kesho nitasimama kanisani nikawaambie." Nikamwambia simama, mama. Mimi mwenyewe nikamwambia simama.

Jumapili ndiyo Jumatatu ya huku, nikaingia ofisini nimevaa koti. Nikaitwa chumba cha mikutano, nikakuta wenzangu wote, Madam Priya, na mudiri mwenyewe, Mkatari mwenye kampuni, ambaye hushuka kwetu siku za sherehe tu, kanzu yake nyeupe haina hata kunyanzi. Ukutani kwenye skrini alikuwepo Bwana Arvid, amevaa koti la mvua, na wazee wawili wa chama cha wavuvi kando yake. Moyo wangu ukaniambia Wanyonyi, leo unapandishwa cheo. Kumbukeni mwaka mzima nilikuwa naomba nipewe zamu za kudumu za ule mto, na zilikuwa zinaenda kuamuliwa wiki hiyo.

Madam Priya akasema, "Wanyonyi, tueleze ya Ijumaa."

Mwingine angeuliza kwanza mnataka kujua nini. Mimi nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaeleza. Nikaeleza jinsi mto ulivyokuwa mtupu, nikaeleza maombi (ndiyo, maombi, mbele ya mudiri), nikaeleza makundi yalivyokuja, nikataja hata neema na mlima na mteremko. Hakuna aliyenikatiza. Nilidhani wameguswa.

Nilipokaa, Madam Priya akawasha ukutani video ya Ijumaa, ileile. Majani yakaelea. Kisha akapita samaki, kwenda kushoto. Wawili, kushoto. Kisha kundi lote, mgongo kwa mgongo, kushoto, kushoto, kushoto. Na pale konani saa imeandikwa kwa namba safi kabisa ambazo hata bibi yangu angezisoma.

"Wanaenda wapi, Wanyonyi?" akauliza.

"Kushoto, madam."

"Kushoto ni wapi?"

"Chini," nikasema. Kisha, kwa sababu mdomo ndio huponza kichwa, nikaongeza, "Lakini kwetu walikuwa wanaenda kulia." Ikabidi nieleze kwetu ni wapi, na shuka ni la nani, na projekta ilikuwa wapi, na ni katikati ya kueleza ndipo nilipoelewa mwenyewe, nimesimama, kinywa wazi, mkono hewani nikionyesha upande wa dirisha la Mama Terry.

Mudiri akauliza taratibu, "Na namba? Hukuona namba zimegeuka?"

"Tulidhani ni Kiarabu, bwana."

Sijui kama mnajua kimya cha watu wanaojizuia kucheka. Mudiri hakucheka. Akatoa noti ya riyali mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu upande wenye namba za Kiarabu, akasema, "Namba zetu, ndugu yangu, hata sisi tunaziandika kuanzia kushoto. Unazibeba mfukoni kila siku." Kisha akairudisha noti mfukoni, na nilitamani aniweke na mimi humo nisionekane.

Lakini hiyo haikuwa aibu yenyewe. Aibu yenyewe ilikuwa kwenye skrini. Bwana Arvid akaeleza, bila hasira, na ningeshukuru angekuwa na hasira. Wale samaki walikuwa wamekimbia joto, wakarudi wakajikusanya kwenye dimbwi lililo chini ya uzio, wamechoka, wanahema. Na Jumamosi asubuhi yeye akafungua mto, na wavuvi wakasimama kuzunguka dimbwi lilelile. Walivua sana. Waliwarudisha samaki majini kama sheria inavyosema, lakini samaki aliyechoka akivutwa kwenye maji ya moto hana nguvu ya kurudi, anageuka tumbo juu. Kufika mchana alikuwa ameufunga mto tena, akaingia mwenyewe na viatu virefu vya mpira kuokota waliokufa, majike wengi, na mayai yao tumboni. Wavuvi walimwangalia akiokota. Hakuna hata mmoja atakayeiamini tena ahadi yake ya hesabu, alisema, na yeye hawalaumu.

Kisha akanitazama, ama aliitazama kamera, sijui, akasema, "Nilikuuliza."

Basi. Neno hilo moja. Nikasema pole, Bwana Arvid, na pole ikatoka ndogo, nikakaa chini, na macho yangu yakajaa machozi mbele ya mudiri na wenzangu wote, mtu mzima mwenye koti.

Sikufukuzwa. Nilitolewa kwenye ule mto nikapewa video za miaka iliyopita nizihakiki, samaki waliokwisha kupita zamani ambao nisingeweza tena kuwadhuru. Jioni nilimpigia mama. Alikuwa ameshasimama kanisani, watu wameshamshangilia. Nilipomaliza kueleza akasema, "Haya. Jumapili ijayo nitasimama tena niwaambie ukweli. Wewe pia simama huko kwenu." Ijumaa nikasimama kwa Mama Terry, nikaufuta ushuhuda wangu mbele ya lile lile shuka, sasa limerudi kitandani, linaonekana kupitia mlango wa chumba. Mchungaji Elijah alikuja akanishika bega, akasema kosa la kuita ule mteremko neema ni lake, tugawane. Mama Terry aliniongezea pilau. Otieno alijizuia mpaka tukafika kwenye gari, ndipo akasema, "Mtu wa kuku, mimi nilisema hawahangaiki." Nikamwambia ulisema, kaka. Ulisema.

Msimu wa mwaka huu mvua imewanyeshea mapema, maji yakapoa, na juzi Madam Priya akaja mezani kwangu akasema kuna zamu imekosa mtu, mto ni uleule, na Bwana Arvid ameulizwa kama atanikubali na akasema sawa. Nikajifungia chumbani, Otieno nimemtoa nje na funguo nimeweka mfukoni. Hakuna shuka, hakuna spika, hakuna mtu wa kupiga makofi, na sitahesabu tena kitu chochote mbele ya watu wanaopiga makofi, hata kama ni watoto wanaopanda gari. Nikaisoma saa ya konani kwa sauti. Majani yalikuwa yanaenda kushoto. Akaja samaki mmoja, mkubwa, mkia unapigapiga, anasukumwa nyuma, anarudi, anasukumwa tena, akapenya mlango kwenda kulia. Alikuwa anahangaika vizuri sana. Kisha wakafuata wengine. Nikatuma hesabu, na simu ikalia.

"Wanyonyi," akasema Bwana Arvid. "Una hakika?"

"Nipe dakika, Bwana Arvid," nikamwambia. "Nirudie kutazama."

Akaningoja.